Miezi miwili nabeba mizigo Aktiki kwa simuleta: kifurushi kitamu, ila maksi zake ndo tatizo

Nazungumzia kifurushi cha nyongeza cha misheni za kubeba mizigo, unakiongeza kwenye simuleta, yaani ile gemu ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Bei kwanza maana najua ndo kitu wengi mnataka kujua. Dola 18, siku niliyolipa ilikata kama 47,000 za kwetu, na hapo hujahesabu ndege, maana Twin Otter, ile ndege ndogo ya injini mbili, unanunua pembeni. Kama hutaki kuinunua sio mbaya, karibu nusu ya misheni zinakubali Cessna Caravan, ile ndogo ya injini moja, ambayo inakuja ndani ya Microsoft Flight Simulator ya 2020, ile ninayotumia mimi, hulipii kitu. Jina la waliotengeneza kifurushi siliweki hapa, nimewaandikia malalamiko mawili, moja wamelirekebisha, lingine bado tunavutana, sitaki ionekane nawachafulia kabla hatujamalizana. Ukitafuta misheni za mizigo za Aktiki ya Canada utakiona tu, kina picha ya mapipa mekundu kwenye theluji.

Sasa mimi ni nani wa kuongea. Mimi sio rubani. Nilifanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege Mwanza miaka sita, ni yule jamaa wa mizani, yule abiria anamuona mbaya kwa sababu anamwambia begi limezidi kilo 4 na Caravan sio basi la Bunda, halafu bado anamuomba na yeye mwenyewe apande mizani mbele za watu. Kuna mama mmoja alininunia mwezi mzima kwa ajili ya hilo. Kwa hiyo nilivyosikia kuna misheni ambazo kabla hata hujawasha injini inabidi uamue kipi kinakaa mbele, kipi nyuma na kipi kinabaki chini, nikasema hii ni yangu. Watu wengi wakishapata simuleta wanataka kuruka Boeing juu ya Dubai usiku taa zinawaka, mimi usiku wa kwanza nilikaa dakika 40 sijawasha kitu, napanga masanduku tu, mama Neema anapita nyuma yangu ananiuliza hii gemu inaanza saa ngapi.

Kambi yako ni Resolute, kisiwa cha Cornwallis, karibu latitudo 75 kaskazini. Wainuit, wenyeji wa kule, wanapaita Qausuittuq, maana yake pasipopambazuka, na ukifungua misheni ya Desemba utaelewa kwa nini, saa sita mchana giza totoro. Kutoka hapo unatumwa Grise Fiord, kama kilomita 380 kwenda mashariki, ama unatumwa Eureka, kituo cha hali ya hewa kilichoanzishwa 1947, huko ni kama 630, na ukishapanda cheo kwenye gemu unafunguliwa Alert. Alert, kituo cha jeshi la Canada, ni mwisho wa habari, kilomita 817 tu kutoka Ncha ya Kaskazini, hamna watu wanaoishi mwaka mzima juu zaidi ya pale. Kwenye vijiji kama Resolute na Grise Fiord meli inafika majira ya joto barafu ikiachia, ikishaondoka imeondoka mpaka mwaka ujao, kwa hiyo nyanya, dawa, spea ya jenereta, barua, tairi la pikipiki ya theluji, vyote hivyo vinasubiri ndege. Alert ndo kabisa, hata mafuta ya kuwashia taa yanapelekwa kwa ndege, jeshi la Canada linabeba kwa Hercules, ndege yao ya mizigo, na zile ndege kubwa kutoka Pituffik huko Greenland (zamani ikiitwa Thule), operesheni yenyewe wanaiita Boxtop.

Hapa ndo kifurushi kilinikamata. Unapewa karatasi ya mzigo kama ile ya kazini kabisa, kila kitu na kilo zake, na mara zote mzigo umezidi. Sio mara moja moja, ni kila safari. Twin Otter uzito wa juu kabisa wa kuruka ni kilo 5,670, sasa ukitoa ndege tupu, ukatoa marubani wawili na vifaa vya kujiokoa, hema, majiko, bunduki ya dubu, ukajaza tenki mpaka juu kwa sababu unakoenda ni mbali, unabaki na kama kilo 800 hivi za mzigo. Na karatasi inasema 1,140. Nani anabaki? Kuna sanduku la filta za jenereta, kuna mboga, kuna vifaa vya wanasayansi ambao wameshapiga simu mara tatu, kuna viti vya plastiki kumi na viwili ambavyo sijui nani kaagiza viti vya plastiki latitudo 80 lakini vipo. Ukipunguza mafuta unabeba zaidi, ila ukifika Eureka ukakuta ukungu huna tena mafuta ya kurudi Resolute, na jirani wa karibu wa Eureka ni nani? Hamna. Jirani ni dubu.

Mapipa ndo nimeyapenda kuliko vyote. Pipa moja la lita 205 likijaa mafuta ya ndege ni kama kilo 180, ukiweka manne umeshamaliza ndege, na unayapeleka mahali ambapo hamna kitu kabisa, kipande tu cha changarawe ufukweni, unayashusha unayasimamisha pale ili siku nyingine ndege ikipita na wanasayansi ipate pa kujazia, kwa pampu ya mkono. Marubani wa kule ndo wanavyofanya kweli, wanajiwekea akiba ya mafuta njiani. Mimi nimewahi kufunga mapipa kwenye ndege ya kweli kwa hiyo naomba mnisamehe nitakavyosema hii: waliotengeneza hiki kitu wamewahi kuona pipa. Ukiweka manne yote nyuma mkia unalala, unasikia kabisa pua nyepesi ukianza kukimbia kwenye ranwei, ile njia ya kurukia, na usipofunga mkanda wa pili gemu inakuandikia pipa namba 3 limeteleza, halafu ndege inaanza kupandisha pua yenyewe dakika moja baada ya kuruka na wewe unasukuma usukani mpaka mkono unauma. Hiyo ilinikuta misheni ya saba. Nilirudi nikatua jasho linanitoka, ndani ya chumba, Mwanza, feni inazunguka.

Halafu mlio. Twin Otter na Caravan zote zinatumia injini za ukoo mmoja, PT6, ile inayolia kama filimbi kwanza halafu propela inaanza kukata taratibu. Miaka sita ule mlio ndo ulikuwa saa yangu ya ukutani, nikiusikia naacha chai. Sasa naupata usiku kwenye hedifoni na nje kwenye skrini ni nyuzi 38 chini ya sifuri. Kichwa kinachanganyikiwa kidogo, unategemea harufu ya samaki.

Kuhusu baridi, kifurushi kinakufundisha kwa kukuumiza. Huwezi kuwasha injini hivi hivi, lazima iwekwe hita kwanza, unaweza kuharakisha saa ya gemu ila ukiruka hiyo hatua betri inazimia na misheni imeishia hapo. Mafuta yenyewe Jet A-1 yanaanza kuganda nyuzi 47 chini ya sifuri, kwa hiyo Februari ukipanda juu sana unakuwa na wasiwasi mwingine ambao Mwanza hatujawahi kuuwaza hata siku moja. Lakini kilichonishangaza ni altimita, kile kipimo cha urefu uliopo angani. Mimi nilidhani futi ni futi. Kumbe hewa ikiwa ya baridi sana inasinyaa, altimita inakwambia uko juu kuliko ulivyo, na ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri ukitaka kupita futi 1,000 juu ya uwanja inabidi uongeze kama futi 190, usipoongeza uko chini kuliko unavyodhani na mbele kuna kilima cheupe ndani ya wingu jeupe. Kuna jedwali kwenye pdf yao, nimelichapisha nimelibandika ukutani pembeni ya kalenda ya duka la dawa.

Na dira. Aisee dira. Kule uko jirani na ncha ya sumaku kwa hiyo dira ya kawaida inazunguka tu kama mlevi, haikusaidii, ndo maana viwanja vya kule namba za ranwei zinafuata kaskazini ya kweli na sio ya sumaku, pale Resolute imeandikwa 17T na 35T, hiyo T ndo maana yake, true, ya kweli. Unaseti jairo mwenyewe, kile kifaa cha mwelekeo kisichotegemea sumaku. Ukishaseti usijisahau, maana dunia inazunguka chini yako na jairo imebaki inaangalia ilipokuwa inaangalia, latitudo zile inakupotosha karibu digrii 15 kwa saa kama huirekebishi. Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kuwasha hiyo tabia, watu wengi watakizima. Usizime. Safari yangu ya tatu kwenda Eureka nilipitiwa, nilikuwa nakula, nikaja kushtuka pwani niliyotegemea iwe kulia ipo kushoto. Hakuna mti, hakuna barabara, hakuna bati la mtu linalong'aa ukasema ahaa hii ni Sengerema. Ni nyeupe na kijivu mpaka upeo wa macho, na barafu ya bahari na theluji ya nchi kavu vinafanana.

Nikaenda kusoma. Tarehe 20 Agosti 2011 hapo hapo Resolute ndege ya 737-200, ile ya mbele mzigo nyuma abiria, ilikuwa inatokea Yellowknife, ikapiga kilima upande wa mashariki wa ranwei, watu 15 ndani, 12 wakafa. Wachunguzi walikuta mfumo wao wa dira ulikuwa umekosea kama digrii 17 wakati wanakuja kutua, na rubani msaidizi alikuwa anamwambia nahodha mara kwa mara kwamba tuko pembeni ya mstari. Uamuzi wa kupanda tena ulikuja sekunde chache kabla. Kumbukeni hiyo habari tukifika kwenye malalamiko.

Kabla ya malalamiko ngoja niwape Grise Fiord, maana hata kama hutanunua kitu inabidi mtu akusimulie hii. Uwanja wake una kama mita 510 za changarawe. Mita 510! Upande mmoja bahari ina barafu, upande mwingine mlima umesimama kama ukuta, na kijiji kimebanwa katikati hapo. Huji moja kwa moja ukatua kama mjini, unakuja sambamba na pwani, mlima uko hapo hapo ubavuni, halafu mwishoni kabisa unakata kona ya nguvu huku flapsi zote, vile vipande vya nyuma ya mabawa, zimeshushwa, na upepo unaotoka mlimani unakupiga kofi wakati huo huo uko chini, polepole, na hauna nafasi ya kubadilisha mawazo. Mara ya kwanza nilipitiliza nikaishia kwenye barafu. Mara ya pili niligusa vizuri nikavuta propela kinyume kwa pupa, mawe yakaruka, nikaambiwa propela imepigwa na jiwe nimekatwa hela ya matengenezo, nikasema sawa, haki. Mara ya tano ndo nikatua kama mtu. Gurudumu la kushoto likagusa kwanza, tope la theluji likaruka kwenye kioo, ndege ikasimama nikiwa nimebakiza kama robo ya ranwei, nikaondoa mikono kwenye joistiki nikaiangalia inatetemeka. Mikono, sio joistiki.

Lakini kijiji kile hakina watu. Nyumba zipo, rangi rangi, nzuri, ila hatoki hata mtu mmoja kupokea mzigo, unazima injini unabonyeza kitufe masanduku yanapotea. Naelewa gemu za ndege haziweki watu, sawa, ila hiki kifurushi kina pdf ya kurasa 60 imeeleza historia ya kila pipa na kila antena, na Wainuit wamepata aya mbili. Na Grise Fiord na Resolute ya sasa huwezi kuzielezea bila kusema kwamba 1953 serikali ya Canada ilichukua familia kutoka Inukjuak huko kaskazini mwa Quebec, karibu kilomita 2,000 kusini, ikawashusha hapo, na 1955 ikaleta wengine, wakaahidiwa wakitaka wanaweza kurudi baada ya miaka miwili na haikuwa hivyo, msamaha rasmi ukaja 2010. Watu walitolewa sehemu yenye wanyama na jua wakaletwa sehemu ambayo miezi mitatu halichomozi. Mzigo unaobeba ni wa wajukuu wao. Mngeweka hata ukurasa mmoja basi. Hili niliwaandikia wakajibu baada ya siku tisa, wakashukuru, na apdeti iliyofuata kweli pdf ina ukurasa mpya kuhusu hilo. Kwa hiyo hilo nimelifuta kwenye daftari, nawapa haki yao.

Ambalo halijafutika ni maksi.

Kila misheni ikiisha unapewa maksi kwa 100. Mzigo umefika mzima, muda, mafuta, ulivyotua. Sasa sikilizeni. Misheni ya 19, Resolute kwenda Eureka, Machi, mboga na mayai, na mayai yana saa yake maana ni mzigo usiotakiwa kuganda, hita ya ndani ikizima ama ukikaa chini muda mrefu mlango wazi unaona kipimo kinashuka. Nimeruka vizuri, nimerekebisha jairo kila robo saa, nikafika kama kilomita 90 kabla, hali ya hewa ya Eureka ikaanza kuzama, mawingu chini, theluji inapeperuka, naisikia kwenye redio inashuka kila nikiuliza. Nikapiga hesabu ya mafuta. Nikiendelea dakika 15 zaidi siwezi tena kurudi. Nikageuza. Nikarudi Resolute, nikatua salama, mayai mazima, ndege nzima, na mimi ndo ningekuwa mzima.

Maksi 31. Imeandikwa mzigo haukufika.

Nikasema hebu. Kesho yake nikaifungua ile ile, hali ya hewa ile ile, safari hii nikaenda tu. Nikashuka ndani ya wingu chini ya kiwango walichoandika wao wenyewe kwenye pdf yao, sioni kitu, nikaiona ranwei nikiwa karibu naigusa, tena kwa pembeni, nikaivutia ndege kwa nguvu ikatua kwa mguu mmoja. Maksi 88! Na nyota!

Wakuu hiyo sio sawa kabisa, na siongei kama mtu aliyekasirika kufeli. Naongea kama mtu wa mizani. Kazi yetu sote kuanzia mimi chini mpaka rubani juu ni kwamba kuna siku unasema leo hapana, na mtu mwenye mzigo anakununia, na bosi anapiga simu, na wewe bado ni hapana. Kule ndo zaidi. Oktoba 30, 1991 Hercules ya Boxtop ilikuwa inaenda Alert na mafuta na watu 18, giza la miezi limeshaanza, ilianguka karibu kabisa na kituo, na dhoruba ikazuia waokoaji zaidi ya saa 30 wakati watu wapo kwenye kipande cha mkia wanajibanza, 13 wakapona, watano wakafa, nahodha mmojawapo kwa baridi. Hapo hapo Alert 1950 ndege ya Lancaster ilikuwa inadondosha mzigo kwa parashuti, parashuti likanasa mkiani, ikaanguka, watu tisa wakafa. Hiyo yote iko kwenye pdf yao! Wameiandika vizuri, kwa heshima, na picha za makaburi. Halafu unafunga pdf unafungua gemu, na gemu inakufundisha kwamba aliyerudi ni mjinga.

Nimewaandikia. Jibu lao kwa kifupi ni kwamba hii ni gemu ya kupeleka mizigo kwa hiyo mzigo usipofika hauwezi kupewa maksi nyingi. Nikawajibu wekeni basi maksi za uamuzi, mtu akigeuza kabla ya kupita ile alama ya mafuta na hali ya hewa iko chini ya kiwango mpeni hata 70, na mzigo ubaki ghalani apewe tena kesho. Sio kitu kigumu, gemu inajua mafuta yako, inajua hali ya hewa, inajua kiwango. Ni wiki ya tatu sasa kimya.

Mengine madogo madogo. Misheni ya 11 ilikuwa haishushi mzigo ukitua kwa upepo wa nyuma, sijui kwa nini, apdeti imetibu. Sauti ya dada wa redio ni ile ile moja kwa vituo vyote, Eureka anaongea yeye, Alert yeye, nadhani anaishi ndani ya ndege. Hela za gemu hazina maana, baada ya misheni kumi una hela nyingi kuliko mahali pa kuzitumia.

Kwa wenye kompyuta za kawaida kama yangu, RAM 16 na kadi ya picha niliyonunua kwa mtu, habari ni nzuri, Aktiki ni nyepesi kuliko sehemu yoyote niliyowahi kuruka. Hamna miti, hamna maghorofa, kompyuta inapumua. Nikiruka juu ya London feni inalia kama mashine ya kusaga, Ellesmere, kile kisiwa chenye Eureka na Alert, iko kimya. Hata bando, hii simuleta inavuta dunia kutoka mtandaoni unavyoruka, usiku mmoja wa mji mkubwa wa Ulaya unanimalizia bando la wiki ila Resolute mpaka Alert nimekwenda na kurudi sijashtuka. Kuidaunlodi kwa mara ya kwanza ndo usiseme, wenyewe wanataka uwe na nafasi ya GB 150, mimi nilibeba kompyuta nikaenda kulala kwa shemeji yangu mwenye waya wa intaneti, siku mbili, akawa ananiangalia tu. Na nunueni UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Umeme ulikatika nikiwa saa mbili angani kutoka Eureka kwenda Alert, zile kilomita 480 upepo wa mbele ulikuwa umezifanya ndefu kweli, nimebakiza kama dakika kumi natafuta taa za ranwei kwenye giza, pyuu. Kimya. Kifurushi hakihifadhi safari ikiwa katikati, ukitoka umetoka.

Anayeanza nashauri asikimbilie Twin Otter. Anza na Caravan, misheni tatu za kwanza za Juni ambapo jua halizami, unaona kila kitu, jifunze jairo na mzigo kwanza. Twin Otter utaihitaji kwa Grise Fiord na zile za mapipa. Na ukishaizoea usirudi tena kwenye misheni za mchana, Februari mwishoni pale Alert jua likiwa linarudi baada ya miezi minne na zaidi linakuja kama mstari tu wa rangi ya chungwa kusini, halitoki, linachungulia linarudi, theluji yote inakuwa ya bluu. Niliacha otopailoti iendeshe nikamwita mama Neema aje aone. Akaangalia, akasema pazuri, kuna nini pale? Nikamwambia hamna kitu. Akaenda.

Kwa hela yake ningekinunua tena, kama ni nyota ninakipa nne kwa ajili ya mzigo na kona ya Grise Fiord, nabaki na moja mkononi mpaka warekebishe maksi. Misheni ya 19 nimeifungua tena juzi juzi, wala siitafutii 88. Hali ya hewa iwe ya kweli, sio ya kupangwa, nikasema nitaondoka siku Eureka ikifunguka. Leo ni siku ya nne niko Resolute, kila nikitoka kazini nawasha kompyuta, nauliza hali ya hewa, mawingu futi 300, nazima. Neema ana miaka saba, anajua kwamba baba ana trei kumi na mbili za mayai kwenye ndege. Jana kaja kaniuliza kama hayajaoza. Nikamwambia kule hayaozi, yanaganda. Akafikiria, akaniambia basi uyatoe uyalete ndani.